Mazungumzo ya Jamaa: Pepo Asiyekufa Huzaliwaje Tena?

Barua ya juma hili imetoka Zongwe, nayo imeandikwa na binti wa shule. Maneno yake si mengi. Mama yake mkubwa, aliyekuwa akishikwa na pepo na kuwaagulia watu kwa kinywa cha pepo huyo, amefariki. Matanga yalipokwisha wajomba walikaa kikao wakasema: aliyekufa ni mwanamke, pepo yule hafi, sharti azaliwe tena katika mtu wa ukoo ule ule. Kisha wakamtazama yeye, kwa kuwa tangu siku za msiba amekosa usingizi, na mara mbili ameanguka njiani akitoka kuteka maji. Wanataka avishwe ushanga wa marehemu. Naye auliza: je, ni kweli kwamba pepo huzaliwa tena? Na akikataa, atakufa?

Tumeficha jina lake, lakini hatukuona vema kumjibu kwa siri, maana swali hili laulizwa katika nyumba nyingi kando ya ziwa, na mara nyingi laulizwa usiku, kwa sauti ya chini, baada ya padri kwenda zake.

Wako wakristu ambao wakisikia habari kama hizi hucheka, wakasema ni mambo ya kale yaliyokwisha. Kucheka kwao hakumsaidii binti huyu kulala. Padri Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu, aliyepewa daraja ya upadri Baudouinville mwaka 1917, akiwa padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati zetu, hakucheka. Tangu mwaka 1910, kabla hajawa padri, alikwisha kuandika juu ya fikira za watu wake, akizieleza kama mtu anayewaheshimu wazazi wake hata pale asipokubaliana nao. Nasi tufuate njia hiyo: tusikilize kwanza wazee wanasema nini hasa, kisha tupime.

Wazee wa Kitabwa hawachanganyi roho zote pamoja. Wako mipasi, ndio roho za wafu wa ukoo, ambao walikuwa watu kama sisi. Na wako ngulu, ambao hawakuwa watu kamwe. Makao yao ni milima, mapango, chemchemi na vilindi vya maji. Ngulu hafi, kwa sababu mlima haufi. Stanley alipokuwa akikaribia Ujiji mwaka 1871 alisikia mvumo wa mbali kama radi. Wenyeji wakamwambia ndiye Kabogo, mlima wa ng'ambo wenye mapango marefu yanayoingiwa na mawimbi, na kwamba wapita njia kwa mashua hutupa nguo na ushanga majini ili kumtuliza mwenye ziwa. Nani kati yetu aliyepata kuvuka kwa mtumbwi wakati pepo za kusi zinapovuma asiyefahamu kwa nini wale watu walitupa ushanga wao?

Lakini ngulu hana kinywa. Akitaka kusema, lazima aazime kinywa cha mtu. Hapo ndipo unapoingia ule uaguzi uitwao bulumbu, uliotoka kwa Waluba ukaenea mpaka kwa Watabwa. Mtu hushikwa, hutetemeka, hupakwa chokaa nyeupe, huvikwa kichwani ule utepe wa ushanga uitwao nkaka, naye husema kwa sauti isiyo yake. Anapokufa, roho ile yasemekana kutangatanga kwa muda, kisha huchagua mwingine. Dalili za kuchaguliwa ni ndoto, ugonjwa usioeleweka na kuanguka. Kwa hiyo wajomba wa Zongwe hawakubuni neno jipya. Walisema kama walivyofundishwa.

Kwa Waluba jambo hili lilipanda hata kwenye ufalme, nami naona kwamba hapo ndipo lionekanapo wazi kuliko mahali pengine pote. Mulopwe, yaani mfalme, alipokufa, nchi haikusema kwamba amekwenda zake. Mwanamke mmoja alishikwa na roho ya marehemu, akaitwa Mwadi. Alikabidhiwa alama za enzi ya mfalme huyo, na kikapu chenye masalio yake, akakaa katika mji uliokuwa makao yake, na mji huo ukageuka kitenta, yaani mji wa roho. Wake na watumishi wa marehemu wakawa chini yake. Mfalme mpya alijenga mji mwingine, wala hakuweza kumpuuza Mwadi. Alimpelekea zawadi na kutaka shauri lake. Mwadi naye alipokufa, mwanamke mwingine wa ukoo wake alirithi roho ile ile pamoja na mji. Hivyo katika nchi moja wafalme waliokufa waliendelea kutawala kando ya mfalme aliye hai, kila mmoja katika mji wake, kila mmoja kwa kinywa cha mwanamke.

Tukiyatazama haya bila haraka, twaona yalikuwa na kazi. Nchi isiyokuwa na vitabu iliweka kumbukumbu zake katika watu. Mfalme kijana mwenye majivuno alikuwa na mtu wa kumwambia kwamba babu yake asingalifanya hivyo. Mwenye kusema kwamba wazee wetu walikuwa wakicheza tu na mashetani, huyo hajui asemalo.

Wala si Waluba peke yao. Katika Bunyoro, nchi ya Uganda, husimuliwa habari za Bachwezi: Ndahura, Mulindwa na Wamara, wafalme waliotawala muda mfupi kisha wakatoweka. Hawakufa, wasema wazee. Waliondoka, na tangu hapo hurudi katika vichwa vya watu wanaowatumikia. Habari zao zilivuka nchi nyingi hata Unyamwezi, ambako chama cha Baswezi kilikuwa na nguvu sana. Kule Unguja mtu anayepandwa na pepo huitwa kiti, na wako pepo wa kibuki, ambao ni wafalme wa Wasakalava wa Bukini waliovuka bahari pamoja na watu wao, nao hudai brandi. Neno hilo "kiti" nalipenda kwa ukweli wake. Kiti hakimzai mtu. Mtu huja akakikalia, akiondoka kiti chabaki kiti.

Sasa basi, tazameni jambo moja ambalo linafanana pote, tangu kitenta cha Waluba hata Bunyoro. Hakuna mahali mtu alipoona roho ikizaliwa. Walichoona ni mtu akichaguliwa. Huanza ugonjwa au ndoto. Huja mwaguzi akasema maana yake. Hukaa wazee wakapatana. Kisha mteuliwa huvikwa, hufundishwa nyimbo na mwenendo wa yule roho, hupewa jina lake na vitu vyake. Pasipo watu hawa kufanya kazi hiyo, kuzaliwa huko hakupo. Kwa maneno mengine, wanachokiita kuzaliwa ni urithi. Tumbwe akifa huwekwa Tumbwe mwingine, na watu husema Tumbwe hafi; kila mtu afahamu kwamba jina na kiti ndivyo visivyokufa, na mwili wa yule wa kwanza umo kaburini. Roho wa bulumbu hudumu kwa njia iyo hiyo.

Na kila urithi una mali. Nyuma ya pepo wa marehemu kuna mbuzi, kuku, vitambaa, fedha za wanaokuja kuagua, na heshima ya ukoo wenye mwaguzi. Sisemi kwamba wajomba hawa ni wezi. Yawezekana kabisa wanamwogopa pepo yule kama binti mwenyewe anavyomwogopa. Lakini nawauliza kwa adabu: ukoo huu ungekuwa na haraka kiasi gani ya kumtafutia pepo makao, kama pepo huyo asingeleta kitu nyumbani?

Matendo ya Mitume yana habari inayotuhusu kabisa (mlango wa 16). Kule Filipi Paulo alikutana na msichana mtumwa mwenye roho ya kuagua, ambaye aliwaletea mabwana zake faida kubwa. Siku nyingi aliwafuata mitume akipiga kelele. Mwisho Paulo akamwamuru pepo amtoke, naye akatoka saa ile ile. Je, mabwana walishangilia kwamba msichana amepona? Waliona kwamba tumaini la faida yao limekwenda, wakamkamata Paulo na Sila, wakawaburuta mpaka kwa mahakimu, nao wakapigwa na kutiwa gerezani. Luka hakutuandikia jina la msichana. Katika habari yote hakuna mtu, ila Paulo, aliyemtazama kama mtu.

Tuje sasa kwenye mafundisho ya Kanisa, ambayo hapa ni mafupi na wazi. Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, ulifundisha kwamba Shetani na pepo wengine waliumbwa na Mungu wakiwa wema, wakawa wabaya kwa matendo yao wenyewe. Wao ni malaika walioanguka. Malaika hana mwili. Asiye na mwili hana mama, hana utoto, hana ukoo, hafi wala hazaliwi. Kwa hiyo anayesema kwamba pepo amezaliwa tena amesema neno lisilowezekana, kama mtu asemaye kwamba upepo umeota meno. Pepo aweza kumjaribu mtu, na kwa nadra, Mungu akiruhusu, aweza kuusumbua mwili wake. Lakini hana ukoo anaourithi, wala haki juu ya damu ya jamaa fulani kwa kuwa bibi yao alimtumikia.

Wengine hututajia Injili ya Mathayo, pale Bwana Yezu anaposema juu ya pepo mchafu aliyetoka akarudi na wenzake saba. Ni kweli. Lakini someni vizuri: anarudi kama mpangaji anayekuta nyumba imefagiwa na haina mtu. Hazaliwi humo. Dawa ya nyumba tupu ni kukaliwa na mwenyewe.

Na wafu? Hapa ndipo wengi wetu twachanganya. Mama mkubwa wa binti huyu si pepo, wala hakugeuka pepo. Ni roho ya mtu aliyeumbwa na Mungu, aliyekufa mara moja tu kama sisi sote tutakavyokufa, na sasa yuko mikononi mwa Mungu. Katekisimu ya mwaka 1992 yasema waziwazi (namba 1013) kwamba baada ya kifo hakuna kurudi kuishi maisha mengine duniani. Herode, aliyemkata kichwa Yohane Mbatizaji, aliposikia habari za Yezu alisema ni Yohane aliyefufuka. Dhamiri yake ndiyo iliyomsemesha. Marehemu hahitaji mwili wa mpwa wake, anahitaji sala. Misa moja iliyoombwa kwa jina lake itamfaa kuliko miaka ishirini ya chokaa na ngoma.

Hapa naomba niwatetee wazee kidogo. Desturi ya kumpa mtoto jina la babu au la bibi ni njema, wala hakuna padri mwenye akili anayeikataza. Husimuliwa kwa Watabwa, na zaidi kwa ndugu zao Wabemba wa Zambia, kwamba mtoto anapoanza kucheza tumboni ndipo mupasi wa jamaa anapomwingia kumlinda, na kwamba mtoto alialia bila sababu kwa kuwa amepewa jina lisilo lake. Mwenye kumwita mtoto wake Kaoze kwa kumkumbuka mzee mwema anafanya vizuri. Lakini mwenye kumwambia mtoto, "Wewe ndiwe babu," amemnyang'anya kitu. Mtoto huyo ana roho yake mwenyewe, mpya, ambayo Mungu hakumpa mtu mwingine yeyote kabla yake, na siku ya ubatizo aliitwa kwa jina lake.

Kunyang'anywa huko kwaweza kuwa kwa kutisha. Waswahili wana neno kigego, mtoto anayeanza kuota meno ya juu. Livingstone, katika safari zake za mwisho katika nchi hizi, aliandika kwamba watoto wa namna hiyo waliuawa, wakihesabiwa kuwa ni mkosi. Waganga wa hospitali watawaambia kwamba watoto wengi hutangulia kuota meno ya chini, wengine huanzia juu, na basi, hakuna zaidi. Siku hizi vigego hawatupwi, lakini katika miji ya Kongo mtoto yatima, au mkaidi, au anayekojoa kitandani, huweza kuambiwa kwamba amezaliwa na roho mbaya, akapigwa, akafukuzwa nyumbani. Kila mzazi ajue kwamba Katiba ya nchi ya mwaka 2006, kifungu cha 41, yakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na kwamba sheria ya kulinda watoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, humpa mwenye kufanya hivyo kifungo cha mwaka mmoja hata mitatu pamoja na faini. Sheria hiyo haibagui mjomba, wala mchungaji, wala katekista.

Nimetaja mchungaji kwa makusudi. Binti ataambiwa na rafiki zake: usiende kwa wajomba, nenda kwenye chumba cha sala, yuko mtumishi wa Mungu anayekata pepo wa ukoo. Nawaonya wazazi wake. Mtumishi wa namna hiyo amekubaliana na wajomba katika jambo lote: kwamba pepo wa marehemu yupo, kwamba amezaliwa katika binti, kwamba damu ya ukoo imefungwa. Wametofautiana katika malipo tu. Huku wataka mbuzi, kule wataka dola. Na kule huenda akafungiwa siku kadhaa bila chakula. Katika Kanisa letu hakuna awezaye kumpunga mwenye pepo pasipo ruhusa wazi ya Askofu, kama isemavyo sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1172. Na kitabu kipya cha ibada hiyo, kilichotolewa baada ya mwaka 1998, chamwamuru padri asiharakishe kumhesabu mgonjwa, hasa mgonjwa wa akili, kuwa ana pepo.

Kwa hiyo safari ya kwanza ni ya hospitali. Binti aliyefiwa, asiyelala, asiyekula vizuri, akitembea juani na ndoo kichwani, kuanguka kwake si ajabu. Yawezekana ana malaria au amepungukiwa damu. Yawezekana ni kifafa, ugonjwa wa ubongo ambao hauambukizi, wala hautoki kwa mtu aliyekufa, nao una vidonge ambavyo, vikimezwa kila siku bila kukatiza, huwaondolea wengi kuanguka kabisa. Ni vijana wangapi wa kando ya ziwa walioungua motoni au kuzama majini kwa sababu jamaa walikuwa bado wanabishana ni roho gani iliyomchagua! Mama wa binti asingoje kikao cha pili.

Wewe binti uliyetuandikia: hutakufa kwa kukataa. Hofu yaweza kukukondesha na kukunyima usingizi, hiyo ni kweli, na ndiyo sababu hupaswi kukaa nayo peke yako. Mwambie mama yako yote, hata zile ndoto. Siku ya ubatizo wako wazazi na wasimamizi walimkataa Shetani na mambo yake yote kwa niaba yako. Siku ya Pasaka umekuwa ukilirudia neno hilo mwenyewe, mshumaa mkononi. Huna haja ya tambiko jingine la kulipita hilo. Endelea na shule.

Wajomba wasitukanwe. Baba na mama waende kwao pamoja na katekista mwenye mvi, wasimtume kijana mwenye ulimi mkali. Wapeleke unga na samaki kama desturi inavyotaka. Waseme kwamba wanampenda marehemu, kwamba wataomba Misa ya arobaini na kuwalisha watu siku hiyo, kwamba jina lake halitapotea, kwa kuwa mtoto wa kwanza wa kike atakayezaliwa katika nyumba ataitwa kwa jina hilo. Wazee wengi, wakiona kwamba marehemu hakusahauliwa, hulegea. Hofu yao kubwa mara nyingi si pepo. Ni kusahauliwa wao wenyewe zamu yao itakapofika.

Limebaki neno la ushanga. Binti auliza kama auchome. Hapana. Si wake, ni wa ukoo. Na huku kwetu tumekwisha kupoteza vya kutosha: mwaka 1884 watu wa Luteni Storms wa Mpala walimwua mtemi Lusinga, wakachukua kichwa chake na sanamu ya mababu zake, vikapelekwa Ubelgiji, na sanamu ikawekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, ambako wajukuu wa waliyoichonga hawafiki. Nkaka ya marehemu ni uzi na shanga zilizopangwa kwa ustadi mkubwa na mikono ya mwanamke fulani. Mjomba mkubwa aifunge katika kitambaa, aiweke juu ya dari pamoja na vitu vingine vya wazee. Binti asiivae. Anapofagia chumba hicho, afagie mpaka pembeni, kama kawaida.